Umri wa Kupanda Meli

Carrollton, 9 Machi 2003

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku kwetu tu wazima, alhamdulillahi, ila Nawal ana mafua na Ridhwan ana maswali. Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu iko katikati ya ukumbi, na wifi yangu Zuhura akiwa na wateja wake wa mabuibui hapo nyumbani, ninachokwambia wewe kinasikiwa na nusu ya Houston.

Nina jambo. Mwanao Abdulghafur, kwenye lile basi lake dogo la uwanja wa ndege, kila wiki anabeba watu wanaokwenda Galveston kupanda meli za starehe. Sasa limemkaa moyoni. Anataka twende sote wiki nzima, mpaka Meksiko na kurudi, na wewe uwe nasi. Kusema kweli, hilo la wewe kuwa nasi ni langu. Tangu Idi ya mfunguo mosi hujakanyaga kwetu. Nawal anamwita bibi kila mwanamke anayemwona amejitanda mtandio, juzi amemwita muuza matunda.

Kinachonitatiza ni umri wa watoto. Ridhwan ametimiza mitano, Nawal ana miwili na kidogo. Mwenzangu wa kazini, Wanjiku, aliwapeleka wake, mmoja wa miaka saba na mwingine wa mitatu. Anasema, "Yule mkubwa ali-enjoy sana, huyu mdogo hata hajui alipanda meli, anakumbuka ice cream tu." Meli yenyewe inapokea hata mtoto mchanga wa miezi sita, lakini kupokewa ni kitu kimoja na kufaa ni kingine. Nikingoja Nawal akue, Ridhwan atakuwa ameshaanza shule na tutabanwa na likizo. Nisipongoja, nitakuwa nakimbizana na mtoto sitahani wiki nzima.

Wewe umelea sita, na wote wako hai na wana adabu, ukimtoa mume wangu. Niambie, mtoto afike umri gani ndipo afae kupanda meli?

Mkweo,
Hasina


Houston, 21 Machi 2003

Mwanangu Hasina,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu ya mwandiko wako, unaokwenda mbio utadhani unafukuzwa. Nimefundisha skuli miaka mingi Unguja na mwandiko kama huo ningeurudisha. Wewe nakusamehe kwa kuwa unampikia mwanangu.

Hamu ninayo, usidhani sina. Lakini watoto bado wadogo, na hasa Nawal. Mtoto wa nepi utampeleka wapi? Nasikia kwenye mabwawa yao ya kuogelea mwenye nepi haingii. Basi wenzake wanaruka majini, yeye amekaa pembeni anatazama, na kila anayepita anajua kwa nini amekaa. Hiyo ni starehe au adhabu? Na likimtokea la kumtokea mbali na chumba, mbele za watu, utamficha wapi? Halafu vyoo vyao, kuna maji au ni karatasi tu? Na choo kiko ndani ya chumba, au ni cha kupanga foleni?

Mngoje aache nepi. Mtoto akishaweza kujizuia, anasafiri popote duniani.

Mwambie Ridhwan kofia yake naishona, nimefika kwenye ukingo. Akue polepole ili kichwa kisizidi kofia.

Mama wa mumeo,
Thuwaiba


Carrollton, 6 Mei 2003

Mama,

Shikamoo, na nipigie vigelegele. Nawal ameacha nepi!

Ilikuwa vita. Siku ya kwanza alikojoa ndani ya kiatu cha baba yake, cha kazini, na baba yake akakivaa. Siku ya pili akamwaga kwenye msala wangu wa kusalia, na nilipogeuka kumkaripia akaniambia, "Mama, sorry, it came by itself." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Sasa mchana anasema mwenyewe. Usiku bado mara mojamoja, nimemtandikia mpira kitandani, na asubuhi tunafua bila maneno.

Uliyouliza nimeyafuatilia. Choo kimo ndani ya chumba. Maji ya bomba yapo, na kopo nitabeba langu kama ninavyolibeba kila mahali. Kazini walikuwa wanalicheka, siku hizi wamelizoea. Kwa hiyo sababu zako zote zimekwisha, mama. Abdulghafur anasema, "Mwambie mama tuta-book ya July, kabla Ridhwan hajaanza kindergarten, na nisha-request siku zangu za off." Nakungoja useme ndiyo tu.

Nimeshaanza kukushonea dira la kuvaa melini, la maua ya njano. Najua utasema njano si rangi ya umri wako, na bado utalivaa.

Hasina


Houston, 30 Mei 2003

Mwanangu,

Mpe Nawal busu na umwambie bibi yake anamwonea fahari. Kiatu cha Abdulghafur kimenichekesha hadi Zuhura akaja kuchungulia. Baba huyo huyo, akiwa na umri huo huo, aliwahi kunikojolea daftari za darasa la nne.

Lakini mwanangu, nimefikiri zaidi. Mtoto aliyeacha nepi jana hajaacha bado. Wanasema siku ya kwanza abiria wote husimamishwa sitahani na majaketi ya kuelea, mpaka kila mtu ahesabiwe. Mtoto atasimama muda huo wote? Akibanwa, atamwambia nani, na atapita wapi kwenye msongamano ule? Na chakula, nasikia ukumbi uko mwisho mwingine wa meli, kutembea tu mpaka ufike. Na sala? Umembeba mtoto, nguo yake imeingia najisi na yako pia imeingia. Utabadilisha mara ngapi kwa siku? Mtu anakwenda kupumzika au anakwenda kufua?

Miaka saba ndiyo umri wa mtoto kuanza kuamrishwa sala. Na meli iwe hapo hapo. Mngojee Ridhwan afike saba, na Nawal atakuwa amekomaa.

Mie huku sijambo. Darasa la wanawake la Jumamosi siku hizi siendi, miguu. Kofia nimeituma pamoja na barua hii.

Thuwaiba


Carrollton, 15 Juni 2003

Mama,

Shikamoo. Kofia imemkaa vizuri Ridhwan, ahsante. Amelala nayo.

Nimejizuia siku nyingi nisiandike barua hii, leo nimeshindwa. Ulisema nepi, nepi zimekwisha. Sasa unasema miaka saba. Nikikungojea saba, utaniambia kumi. Mimi si mjinga. Anayekataa safari si umri wa watoto.

Kama ni mimi hunitaki, sema. Siku ile ya Idi nilikesha nikipika. Nilinunua sofa jipya kwa ajili yako, na wewe ulikwenda kuvuta kile kiti cha plastiki cha jikoni, ukakaa juu yake karibu na mlango mpaka unaondoka. Wageni wote waliona. Nilipoweka biriani mezani, wewe ulikuwa tayari umevaa buibui, umemwambia Zuhura awashe gari mrudi Houston. Hukuonja hata punje. Nilisimama na sinia mkononi. Nilijiuliza nyumba yangu ina uchafu gani. Nikadhani ni kwa sababu nafanya kazi na watoto wanalelewa na jirani, au ni kwa kuwa mwanao alikwenda kuoa Mombasa wakati kwenu wasichana walikuwepo.

Mamangu mzazi alikufa mimi niko Amerika, sikumzika. Ridhwan na Nawal hawana bibi mwingine duniani. Wakikukosa wewe, wamekosa kila kitu cha nyuma yao. Hilo ndilo ninalolipigania, wala si meli. Meli naweza kuishi bila kuiona.

Hasina


Houston, 2 Julai 2003

Hasina,

Sina neno nawe. Wallahi sina. Nyumba yako ni safi na biriani yako niliisikia harufu mpaka garini, nikameza mate.

Kuna mambo mtu hawezi kuyasema kwa mkwe wake, wala kwa binti aliyemzaa. Usinilazimishe. Nendeni melini nyinyi na watoto, wafurahi. Mie niacheni hapa, pananitosha.

Usiniandikie tena kwa hasira, maana nimelia na Zuhura ameniona.

Thuwaiba


Carrollton, 19 Agosti 2003

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa maneno ya ile barua. Muda wote huu nimekaa na jibu lako, nalibeba kwenye mfuko wa sare ya kazi, nalisoma nikienda kula. Nilizitoa na barua zako za nyuma nikazisoma pia, polepole safari hii. Halafu nikaona nami nina la kukwambia, ambalo hata Abdulghafur halijui. Ukimaliza kusoma, chana.

Tangu nimzae Nawal, mkojo haunishiki. Nikicheka sana, unatoka. Nikipiga chafya, unatoka. Nikiwa mbali na choo naingiwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe unauleta. Nilipokuuliza kuhusu umri wa watoto, sikuwa nauliza kwa ajili ya watoto peke yao. Mimi naiogopa hiyo meli. Naogopa bwawa, naogopa foleni, naogopa kukaa kwenye viti vya watu. Na sala zangu nazitilia shaka, nasali huku najiuliza kama nimo kwenye twahara au simo.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa. Nawaosha kila siku, nawabadilisha, na sioni kinyaa wala ajabu. Wakiona haya nawaambia mwili ni mwili, tena umefanya kazi miaka mingi. Lakini kwa wangu mwenyewe nimeshindwa kujiambia hivyo.

Sina mama wa kumwuliza, na wewe ndiye mama niliyepewa. Nifanye nini?

Hasina


Houston, 3 Septemba 2003

Mwanangu, kipenzi changu Hasina,

Kwanza vuta kiti ukae, kiti chochote. Hakuna aibu hapo. Hukuiba wala hukuzini, umezaa watoto wawili na mwili umechoka kidogo. Nusu ya wanawake unaowaona msikitini wana hilo hilo, na wote wanajifanya hawana.

Tafuta daktari wa kike, umwambie kama ulivyoniambia mie. Kuna mazoezi ya kubana, kuna na dawa. Chai ya maziwa punguza. Pedi vaa nzuri, usijifanyie uchoyo. Na sala ndiyo usiitilie shaka kabisa, maana hilo nimewafundisha wenzio darasani kwa mdomo wangu huu. Wewe ni mwenye udhuru. Wakati wa sala ukiingia, jisafishe, badilisha pedi, chukua udhu, usali. Kitakachotoka ukiwa umesimama mbele ya Mola wako hakikudhuru. Sala nyingine ikifika, udhu mwingine. Basi. Dini imekusamehe, wewe ni nani hata usijisamehe?

Nimeandika hapo nikaweka kalamu chini. Zuhura akauliza, "Mama, unacheka nini peke yako?" Nikamwambia namcheka mwalimu.

Hasina, na mie nimo humo humo, mwaka wa pili huu. Yale yote niliyokuandikia kuhusu Nawal yalikuwa yangu. Mtoto wa nepi ni mie. Kwenye bwawa ni mie niliyekaa pembeni, kwenye foleni ni mie. Kile kiti cha plastiki nilikivuta ili nisiliharibu sofa lako, na ulipokuwa unaleta biriani nilikuwa nimeshaharibika, na buibui lilikuwa la kunifunika. Darasa nimeliacha kwa hilo, si miguu. Nilikuwa nawapenda wajukuu zangu kwa mbali, nikijidanganya kwamba wao ndio bado wadogo.

Peke yangu nisingethubutu. Lakini kama tuko wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake, nakwenda. Nileteeni hiyo meli. Na barua yako sikuichana, nimeiweka chini ya godoro, sitaki kuitupa.

Mama,
Thuwaiba


Carrollton, 20 Septemba 2003

Mama,

Nimelia, nikacheka, nikamwambia mwanao Abdulghafur kwamba umekubali. Hakuamini. Akasema, "Ume-do nini, wewe mwanamke? Mimi nimeomba nikachoka." Nikamwambia tumezungumza ya wanawake, akachukua funguo za basi akatoka. Ridhwan amekimbia nyumba nzima akipiga kelele, "Bibi's coming? For real?" Nawal akamfuata bila kujua wanakimbilia nini.

Tunakwenda mwisho wa Desemba, shule ikifungwa. Vyumba viwili, mlango kwa mlango: mimi, wewe na Nawal kimoja, baba na mwanawe kingine. Nimeomba chumba kilicho karibu na ukumbi wa chakula. Mpira wa kitanda nitabeba mitatu, mmoja wa kila mwanamke, na asubuhi tutafua bila maneno. Samaki watakuwepo kila siku, kwa hiyo ya nyama halali tusihangaike.

Jinsi ya kupata kibla kwenye meli inayozunguka, hilo nakuachia wewe, mwalimu.

Hasina


Houston, 11 Januari 2004

Mwanangu Hasina,

Tangu turudi nimekaa kimya, na mmenipigia simu nikasema nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia.

Umenidanganya.

Usiku wote saba nimelala nawe chumba kimoja. Mie niliamka na kuamka, wewe ulikoroma mpaka alfajiri. Uliingia bwawani na Ridhwan ukaruka na kuruka. Ulipiga chafya ukumbini mpaka yule kijana wa chai akakuletea leso, na hukunyanyuka kitini. Siku yule mzee alipovua kofia kumwamkia Nawal na nywele za bandia zikatoka pamoja nayo, ulicheka hadi ukalala kwenye sitaha, ukiwa na gauni jeupe, na gauni likabaki jeupe. Halafu siku meli ilipofika bandari ya Cozumel, huko Meksiko, nikafungua begi lako kutafuta dawa ya meno. Pakiti yako ya pedi haikuwa imechanwa hata pembe.

Ndiyo maana nilikataa kushuka. Mkadhani kichwa kinaniuma. Nilikaa kitandani peke yangu na hasira, hasira kweli kweli. Nilisema huyu mtoto amenijua tangu zamani, akanitungia hadithi, nikamvulia nguo mwenyewe. Niliona haya upya, zaidi ya mwanzo. Nilitaka mkirudi nikuumbue mbele ya mumeo.

Mkarudi. Nawal alikuwa ameharibu gauni lake jipya bandarini, mbele za watu, analia kwa aibu, na ni mtoto ambaye hajafika hata miaka mitatu. Nilikusikia mlangoni unamwambia, "Si kitu, mama. Bibi anajua kuosha vizuri, nenda kwake." Ukanipa. Nikampeleka bafuni, nikamwosha, na kila nilichokuwa nimepanga kukwambia kikaenda na yale maji. Nikavaa lile dira lako la njano tukaenda kula.

Wanjiku alisema kweli, Nawal hatakumbuka chochote. Ridhwan atakumbuka nusu, na hiyo nusu ataikosea. Nitakayeikumbuka safari hii ni mie. Wewe ulikuwa unauliza umri unaofaa, nao ulikuwa sitini na nane.

Idi kubwa nakuja kwako, na nitakaa kwenye sofa.

Sasa lipo jambo moja, na si la kujadiliana. Jana nilimwita Zuhura nikamwachia usia. Siku yangu ikifika, atakayeniosha ni wewe. Yeye akusaidie kumimina maji. Alilia, kisha akauliza kwa nini iwe mkwe na si binti, nikamwambia muulize Mungu. Usilie na wewe, sina mpango wa kufa mwaka huu. Lakini nataka ujue kwamba miaka miwili yote hii, siku hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa kuliko mauti yenyewe, nimelala pale wazi, siwezi kujifunika, na wanawake wamenizunguka. Nimejaribu kuifikiria tena nikiona ni mikono yako. Sikuogopa, mwanangu. Nililala usingizi.

Mama yako,
Thuwaiba